Skenes hakurusha fainali: jibu kwa msomaji wa Baton Rouge

SWALI: Mwalimu, habari za siku. Mimi ni Mtanzania, niko Baton Rouge, Louisiana, mwaka wa pili sasa. Kazini kwetu besiboli ya LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ni kama Simba na Yanga. Mchana tukikaa kula, vijana wanasema hajatokea mrushaji kama Paul Skenes. Mzee mmoja wa ghalani anawaambia nyamazeni, hamkumwona Laxton. Mwingine yeye ni McDonald tu, kila siku McDonald, na nilipotafuta nikakuta huyo McDonald hata kombe hakuchukua. Nikiuliza nani zaidi, naambiwa "wewe ulikuwa hujafika". Naomba unieleze: katika timu zilizochukua ubingwa, nani hasa wa kukumbukwa, na hawa wazee wanapima kwa kipimo gani?

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole kwa kusimangwa. Nikuanzie na jina: kwa uwezo wa mkono, Skenes. Sioni wa kumkaribia, na wazee wako wanalijua hilo hata kama hawatalikubali mbele ya vijana. Lakini umeuliza habari za ubingwa, na hapo kuna kitu ambacho vijana wenyewe huwa wanakiruka. Fainali ya 2023, ile ambayo LSU iliifunga Florida na kubeba kombe, Skenes hakurusha mpira hata mmoja. Alikaa benchi. Na bado ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Ukilielewa hilo limewezekanaje, ubishi wote wa ghalani utakuwa umeuelewa.

Besiboli ya chuo huchezwa zaidi wikiendi: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, timu zilezile mbili. Mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, akishatupa mipira mia moja kwa nguvu zake zote, mkono wake unataka karibu wiki nzima kupumzika. Kwa hiyo kocha hupanga watu kwa siku. Aliye bora kuliko wote hupewa Ijumaa, wa pili Jumamosi, na Jumapili huachiwa aliyebaki. Ndiyo maana utasikia mzee anasema "yule alikuwa mtu wetu wa Ijumaa". Hapo anakutajia cheo. Na akisema fulani alikuwa wa Jumapili, usidhani anamdharau, subiri amalizie.

Sasa mwezi Juni timu 8 zinakwenda Omaha, Nebraska, kugombea ubingwa wa vyuo, na kalenda ya wikiendi inavurugika. Makundi mawili, timu nne nne, ukifungwa mara mbili unarudi nyumbani. Ili ufike fainali lazima umtumie mtu wako wa Ijumaa njiani, tena mara nyingine mara mbili. Ukifika siku ya kombe, yeye mkono umekwisha. Kuanzia 1988 mpaka 2002 fainali ilikuwa mchezo mmoja tu. Tangu 2003 ni michezo mitatu, anayeshinda miwili anachukua. Kwa mpango wowote kati ya hiyo miwili, kombe mara nyingi huangukia mkononi mwa mtu wa pili, wa tatu, au mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye hakuna aliyempigia hesabu.

Na hapo ndipo anapoingia Laxton wa mzee wako.

LSU imechukua ubingwa mara nane: 1991, 1993, 1996, 1997, 2000, 2009, 2023 na 2025. Ukienda uwanjani Alex Box utaiona hiyo miaka kwenye bango kubwa nyuma ya uzio wa kulia, limewekwa hapo makusudi ili mgeni alione kila anapoinua macho. Mwaka 1993 fainali ilikuwa dhidi ya Wichita State, walewale waliofungwa 6-3 kwenye fainali ya 1991, kwa hiyo walikuja na deni la kulipiza. Kocha Skip Bertman akampa mpira Brett Laxton, mwaka wa kwanza chuoni. Baba yake, Bill, aliwahi kurusha ligi kuu ya kulipwa, lakini damu ya baba haikupi uhakika wa kitu mbele ya uwanja uliojaa.

Kijana alirusha awamu zote 9. Wichita State walipata mapigo safi, yale yanayomfikisha mpigaji kona salama, matatu tu mchezo mzima. Matokeo 8-0. Wapigaji 16 aliwatoa kwa straiki, yaani mipira mitatu mizuri iliwapita bila kuipiga inavyotakiwa. Sasa hebu piga hesabu: ili umalize mchezo unatakiwa uwatoe watu 27, watatu kila awamu. Kumi na sita kawamaliza yeye mwenyewe na mdakaji wake, anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Wenzake saba waliosimama uwanjani waligawana 11 waliobaki, wengine nadhani walirudi nyumbani glovu zikiwa kavu. Kwa mchezo wa kutoa kombe, hiyo 16 ni rekodi. Laxton alipita ligi kuu kwa muda mfupi tu, na ukimtafuta leo utakuta takwimu za kawaida kabisa za mtu ambaye hakudumu. Lakini mzee wako hamkumbuki kwa maisha yake yote. Anakumbuka jioni moja ya Juni, na kwa jioni hiyo ana haki ya kuwaambia watu wanyamaze.

Kuhusu Bertman neno moja, maana wazee wakitaja warushaji wanamtaja naye. Yeye kabla ya LSU alikuwa kocha msaidizi wa Miami, na warushaji ndio waliokuwa kazi yake. Alikuwa na kawaida ya kuwakalisha wachezaji na kuwataka wafumbe macho waione fainali kichwani kabla haijafika: nani anarusha, nani anadaka, mpigaji wa mwisho anatoka vipi. Watu waliona ni mambo ya kiganga. Makombe matano baadaye hawakusema tena.

Kikosi cha 1991 nacho kilikuwa na mikono ya kutisha, ila kinasahaulika kwa sababu hakikuwa na siku moja ya ajabu kama ya Laxton. Chad Ogea, mtoto wa Lake Charles hukohuko Louisiana, alikuwemo. Huyu baadaye alishinda michezo miwili ya fainali ya ligi kuu ya 1997 akiwa na Cleveland, ingawa kombe lenyewe lilikwenda Florida. Alikuwemo Paul Byrd, aliyerusha ligi kuu miaka mingi, na Rick Greene aliyekuwa akiingia mwishoni kufunga hesabu. Mike Sirotka, wa mkono wa kushoto, anakumbukwa kwa kisa kingine: 2001 Toronto walimchukua kutoka White Sox kwa kumtoa nyota wao David Wells, kisha ikabainika bega la Sirotka limeharibika, na hakuwarushia Toronto hata mchezo mmoja. Nimekutajia ili ukilisikia jina lake mezani ujue kwa nini watu wanacheka na kutikisa kichwa kwa wakati mmoja.

Nikupe na tahadhari. Usije ukaingia kwenye ubishi huu na takwimu za simu ukalinganisha wa 1997 na wa 2025. Miaka ya tisini vyuo vilitumia gongo la alumini (la kupigia, msomaji wangu, si lile la kunywa) lililokuwa likiruka kama springi. LSU ya 1997 ilipiga homurani 188 kwa msimu mmoja, rekodi ya vyuo mpaka leo. Homurani ni ule mpira unaopigwa ukavuka uzio, na 188 maana yake kila mchezo mbili au zaidi. Fainali ya 1998, isiyo ya LSU, iliisha 21-14, utadhani mpira wa kikapu wa darasa la saba. Sheria za magongo zikaanza kubanwa, na 2011 likaja gongo jipya lililopoozwa kabisa. Mwaka huohuo uwanja wa zamani wa Omaha, Rosenblatt, ukaachwa, wakahamia mpya ulio mkubwa, ambao upepo wake mara nyingi unaurudisha mpira ndani. Kwa hiyo mrushaji aliyefungwa pointi nne kwa mchezo 1997 huenda alikuwa mwanamume kuliko aliyefungwa mbili miaka 15 baadaye.

Ndiyo sababu Patrick Coogan hanitoki. Kwenye takwimu tupu hakutishi. Lakini ushindi wa fainali ya 1996 umeandikwa kwa jina lake (kila ushindi huandikiwa mrushaji mmoja, kwa kawaida aliyekuwa anarusha timu yake ilipotangulia kwa mara ya mwisho), na 1997 alikuwa nguzo ya timu wakati kila mpigaji nchini anashika chuma cha moto. Fainali ile ya 1996 kila mtu anaikumbuka kwa Warren Morris, aliyekuwa hajapiga homurani hata moja msimu mzima kwa ajili ya mkono ulioumia, kisha akapiga ya kwanza wawili wakiwa wameshatoka awamu ya tisa, LSU ikiwa nyuma kwa pointi moja, na mchezo ukaisha 9-8. Lakini mimi nikiiona picha ile macho yangu yanakwenda kwa mwenzake, Robbie Morrison wa Miami. Kijana wa mwaka wa kwanza, mfungaji hesabu hodari kabisa, karusha mpira mmoja wa kupinda na ule mmoja ndio uliovuka uzio. Yuko chini, uso mchangani, na wenzake wamelala huku na huku kama watu waliopigwa radi. Mrushaji anaweza kuwa hodari miezi minne na akakumbukwa kwa sekunde moja.

Mwaka 2000 nitaupita haraka, ila usikubali mtu aukose. Stanford walikuwa mbele 5-2 mpaka awamu ya nane. Trey Hodges aliingia akitokea kwenye warushaji wa akiba, akaufunga mlango, wenzake wakapata nafasi ya kusawazisha, na Brad Cresse akapiga la mwisho, 6-5. Wapigaji ndio waliobebwa mabegani, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mashindano alipewa Hodges. Sahihi kabisa. Na 2009, chini ya kocha Paul Mainieri, kulikuwa na Louis Coleman. Yeye 2008 alichaguliwa na timu ya ligi kuu akakataa kwenda, akarudi kumalizia mwaka wake wa mwisho. Mchezo wa tatu na Texas alioanza ni Anthony Ranaudo, Coleman akaja kumalizia, na mpigaji wa mwisho akatoka kwa straiki. Ile picha yake anarusha glovu juu utaikuta kwenye kuta za migahawa ya hapo mjini kwenu.

Sasa McDonald. Umesema kwa mshangao kwamba hakuchukua kombe, na ni kweli. Ben McDonald ni mtoto wa Denham Springs, ng'ambo tu ya mto kutoka Baton Rouge, futi sita na inchi saba. 1988 alikuwa na timu ya Marekani iliyoshinda besiboli Olimpiki ya Seoul. 1989 aliwatoa kwa straiki wapigaji 202, na Baltimore Orioles wakamchagua wa kwanza nchi nzima. Omaha alifika, kombe hakupata. Aaron Nola vilevile: mzaliwa wa Baton Rouge penyewe, mrushaji bora wa ligi yao ya SEC 2013 na 2014, leo jina kubwa Philadelphia, na Omaha ya 2013 alirudi mikono mitupu. Mzee wako wa McDonald anaonekana anakwepa swali lako, lakini nadhani anakujibu swali jingine. Kabla ya McDonald LSU haikuwa hata na kombe moja, na watu wa umri wake waliamini kwa mara ya kwanza wakimtazama yeye, tena mtoto wa jirani. Kombe la 1991 lilipokuja, wengi walilihesabu kama deni lake lililochelewa kulipwa.

Tumfikie Skenes. Hakukulia Louisiana, alihamia kutoka chuo cha Jeshi la Anga, ambako alikuwa akirusha na kudaka na kupiga. Msimu wake mmoja wa LSU, 2023: ameshinda 13, amepoteza 2, wastani wa kufungwa 1.69 kwa kila awamu 9, straiki 209. Rekodi ya McDonald ya 202 ilikuwa imekaa miaka 34. Na angalia: McDonald alihitaji zaidi ya awamu 150 kufika hapo, Skenes 122 na ushei. Hapo ndipo ninapowaambia wazee samahanini.

Lakini siku yake haikuwa fainali. Ilikuwa tarehe 22 Juni, nusu fainali na Wake Forest, timu namba moja ya nchi. Upande wa pili alisimama Rhett Lowder, ambaye msimu mzima alikuwa hajapoteza. Umeshaona makipa wawili wanaokataa kufungwa mpaka washambuliaji wanaanza kugombana wao kwa wao? Ndiyo ilikuwa hali. Lowder awamu 7, mapigo 3. Skenes awamu 8, mapigo 2, mipira 120. Hakuna pointi.

Awamu ya nane Wake Forest wakampata. Mtu yuko kona ya tatu, hatua chache tu aingie nyumbani na kupata pointi. Mpigaji hakutaka kupiga kwa nguvu, akaugusa tu mpira kwa gongo udondoke polepole upande wa kwanza, ili mwenzake akimbie. Ujanja mzuri, na kwa mrushaji aliyechoka huwa unaua. Tre Morgan, mlinzi wa kona ya kwanza, alishaanza kukimbia mbele kabla mpira haujatulia. Hakuwa na muda wa kuushika vizuri, akauchota na kuusukuma kwenda kwa mdakaji Alex Milazzo, naye akamgusa mkimbiaji vumbi likiwa limetanda. Katoka. Kama Morgan angechelewa nusu hatua, leo tungekuwa tunamzungumzia Skenes kama tunavyomzungumzia McDonald: mkono mkubwa, kombe hana.

Skenes akatoka, akaingia Thatcher Hurd, akazuia awamu ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Ndipo Tommy White akapiga homurani, 2-0, LSU fainali. Na mkono wa Skenes ukawa umekwisha.

Fainali ikaanza siku mbili baadaye na Ty Floyd, ambaye vijana wenyewe wanamsahau. Mchezo wa kwanza na Florida aliwatoa kwa straiki 17 ndani ya awamu 8. Kumi na saba! Mmoja zaidi ya Laxton, ila huo haukuwa mchezo wa kutoa kombe, kwa hiyo mzee wako bado yuko salama. LSU wakashinda 4-3 awamu ya 11. Mchezo wa pili Florida waliwapiga 24-4, aibu ambayo hakuna shabiki atakayekusimulia kwa hiari. Wa tatu akapewa Hurd. Awamu ya kwanza tu kafungwa pointi mbili kwa homurani ya Wyatt Langford, na watu wakaanza kukumbuka 24. Baada ya hapo Florida hawakupata kitu kwake mpaka alipotoka baada ya awamu sita. Mwisho 18-4.

Kisha 2025 akaja mtu aliyelivunja hilo pengo lote kati ya mrushaji bora na siku ya kombe: Kade Anderson, mkono wa kushoto, mtoto wa Madisonville, Louisiana, aliyeshawahi kupasuliwa kiwiko akiwa bado sekondari. Safari hii kalenda ilimkubali kocha Jay Johnson, na mtu wa Ijumaa akafika fainali akiwa mzima. Coastal Carolina walikuja na ushindi wa mfululizo 26. LSU wakapata pointi moja awamu ya kwanza, na basi. Moja hiyohiyo ndiyo Anderson aliyopewa ailinde kwa awamu nane zilizobaki, na ailinde peke yake, kwa sababu kocha hakumtoa. Mipira 130, mapigo 3, straiki 10, 1-0. Kesho yake wenzake wakamaliza kazi 5-3. Katika Omaha nzima alirusha awamu 16 na kufungwa pointi moja, akachukua tuzo ya mchezaji bora.

Ukinilazimisha kupanga, basi: mkono bora, Skenes. Jioni bora moja, nampa Anderson kwa unywele kumpita Laxton, maana kulinda 1-0 kila mpira unaweza kukuua, na 8-0 unarusha umetulia. Mzee wako atakataa. Atasema kijana wa mwaka wa kwanza, gongo la alumini, mchezo mmoja bila marudio, na kwa kweli sina jibu zuri la kumpa kuhusu gongo.

McDonald muache pale alipo, haingii kwenye orodha hii na hahitaji kuingia.

Kesho mchana ukikaa nao usiulize tena nani zaidi. Waulize wote, wazee kwa vijana, ushindi wa ule mchezo wa Wake Forest uliandikwa kwa jina la nani. Nadhani wengi watakimbilia kusema Skenes. Wewe endelea kula, halafu mtaje Hurd.